Mwalimu wa Ndege Anajibu: Miezi mitatu kwenye kompyuta, sekunde 11 hewani

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za simuleta, zile programu za kompyuta za kujifunzia kurusha ndege za rimoti kabla hujaipeleka ndege yenyewe uwanjani. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona wengi mmeanguka shimo hilohilo, na mimi nimo.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, niko Morogoro. Kwa miezi mitatu nimefanya mazoezi ya simuleta kila usiku, natumia kibodi. Nilifika mahali napiga pindu, naruka chali, natua bila taabu. Nikajibana, nikanunua ndege ya foamu yenye mabawa ya mita 1.2. Jumapili saa tisa alasiri tukaenda uwanja wa mpira, mdogo wangu akairusha kwa mkono, rafiki akachukua video. Ndiyo maana najua: tangu imetoka mkononi mpaka imepiga chini ni sekunde 11. Ilipanda sana pua juu, ikalala upande, ikageuka ikawa inanijia, na hapo nikawa kama mtu ambaye hajawahi kushika rimoti. Pua imekatika, bawa moja limepasuka. Je, simuleta ni uongo?

Marahaba, na pole. Ndege yangu ya kwanza ilikaa hewani kidogo kuliko yako, lakini iliishia kwenye kilele cha mnazi wa jirani, hapa Tanga, mwaka 2009. Ikabidi nimtafute mkwezi. Akapanda, alipofika juu akaniita: "Mwalimu, nishushe ndege peke yake au na madafu?" Nililipia vyote. Na kosa langu ndilo lako: ndege ilipogeuza pua ikanijia, kulia kukawa kushoto, vidole vikafanya kinyume.

Simuleta si uongo. Ila wewe ulijifunza kitu kingine. Hebu kumbuka, kwenye kioo ulikuwa unaiangalia ndege kutoka wapi? Naweka dau kwamba ulikuwa nyuma ya mkia wake, unaifuata popote inapokwenda, kama abiria wa bodaboda anavyouona mgongo wa dereva. Ukiwa hapo, kulia ni kulia siku zote. Raha tupu. Lakini uwanjani hukukaa mgongoni mwa ndege, ulisimama kwenye nyasi, na ndege ndiyo iliyozunguka. Miezi mitatu yote hukuwahi kuiona ikikujia usoni.

Kila simuleta ya maana ina mahali pa kuchagua pa kutazamia. Chagua ile ya mtu aliyesimama uwanjani, asiyesogea, anayegeuza shingo tu. Kisha utafute kitu kingine kinachojificha kwenye mipangilio: kuna programu zinazoivuta ndege karibu yenyewe kila inapokwenda mbali, ili uione vizuri. Zima hiyo. Ndege ya mabawa ya mita 1.2 ikifika umbali wa mita 140 hivi, upana wake machoni ni sawa na mwezi mpevu. Tazama mwezi usiku wa leo, ufunike kwa ncha ya kidole huku umenyoosha mkono, uone ulivyo mdogo. Ndani ya udogo huo ndimo unamotakiwa kujua bawa lipi limeinama na pua imeelekea wapi. Afadhali uzoee udogo huo ukiwa umekaa kwenye kiti.

Sasa hilo la kulia kuwa kushoto. Vitabu vitakuambia ujifikirie umekaa ndani ya ndege. Mimi nilijaribu, nikashindwa, kwa sababu mpaka umalize kujifikiria, ndege imeshafika chini. Kilichonisaidia ni shamba la migomba. Mgomba ukielemewa na mkungu ukainama, unautia mwega upande ule ulioinamia. Fanya hivyohivyo. Ndege inakujia, bawa lililo upande wako wa kushoto limeshuka: peleka kijiti cha rimoti kushoto, uutie mwega. Limeshuka la kulia, peleka kulia. Hakuna hesabu nyingine. Lakini kanuni hiyo ni kwa ndege inayokuja tu. Ikishakupa mkia, rudi kwenye kawaida, maana ukitia mwega hapo unaizidishia kulala. Kwenye simuleta fanya zoezi moja tu kwa wiki nzima: iende mbali, igeuze, ije moja kwa moja kwako ikiwa imenyooka, ikupite juu, irudie. Ni zoezi la kuchosha, halina pindu wala chali. Mimi lilinichukua siku tisa mpaka mkono ukaacha kuuliza.

Kibodi nayo iweke kando. Kitufe cha kibodi ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa, hakijui robo wala nusu. Kurusha ndege ni kazi ya robo na nusu. Kijiti cha rimoti kina springi, kidole gumba kinasikia kimekwenda kiasi gani, na huko kusikia ndiko unakokwenda kukuhitaji uwanjani. Rimoti uliyonunua pamoja na ndege huenda ikaweza kuunganishwa na kompyuta kwa waya au kidude cha USB. Gharama yake ni ndogo kuliko bawa utakalonunua sasa.

Tuje kwenye ule mpando. Unasema ilipanda pua juu ikalala upande. Hapo sidhani kosa ni la vidole peke yake. Betri uliiweka wapi? Ndege ya kwenye kompyuta inakuja imeshapimwa uzito, huwezi kuiona siku hata moja ikiwa na mkia mzito. Ya kwako uliifunga mwenyewe. Ukiirekebisha, tia betri ndani, funga mfuniko, kisha iinue kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu na mwili. Anza na sehemu aliyoandika mtengenezaji kwenye karatasi yake. Kwa ndege nyingi za kujifunzia huangukia kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kama bawa lako lina upana wa sentimita 20, ni kama sentimita 5 hadi 6 na nusu. Ndege ilale sawa juu ya vidole, au pua iiname kidogo sana. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele, usiirushe. Yenye mkia mzito hupanda pua bila kuambiwa, mwendo unakwisha, bawa linaachia hewa, nayo inajiangusha upande mmoja. Ndivyo ulivyoeleza.

Na saa tisa alasiri? Saa hizo jua limeshaichemsha ardhi na hewa inapanda na kushuka kama maji ya ugali. Mimi huenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa tatu niko nyumbani nakunywa chai. Kwenye simuleta ulikuwa umeweka upepo kiasi gani? Wengi hawajawahi kuugusa, uko sifuri tangu siku programu ilipowekwa. Anza na mita 2 kwa sekunde, ukizoea tia 4, ukizoea uugeuze uvume kutoka ubavuni. Utakasirika siku mbili tatu. Kasirikia nyumbani.

Nimeliacha la mwisho makusudi. Kila simuleta ina kitufe cha kuanza upya. Ndege ikivunjika, unabonyeza, iko nzima. Kitufe hicho ndicho kilichokuharibu, kuliko kibodi na kuliko kioo. Angalia mkono wako usiku wa leo: ndege ikianza kwenda mrama tu, kidole kinakimbilia kwenye kitufe kabla haijafika hata chini. Umejifunza kukata tamaa haraka, na kwa ustadi. Uwanjani mkono ukatafuta kitufe, hakuna, ukaganda. Sekunde zako 11 nadhani nne za mwisho hukufanya chochote. Itazame tena ile video, uangalie vidole kama vinaonekana.

Dawa yangu ni daftari la mistari, la shule. Kila nikiwasha simuleta naandika tarehe, upepo, na idadi ya mitua. Mtuo mzuri ni kistari. Ndege ikivunjika nasimama, natoka nje, nazunguka nyumba mara moja, ndipo narudi kuanza upya. Mke wangu mwanzoni alidhani nina tatizo la tumbo. Lakini baada ya kuzunguka nyumba mara saba usiku mmoja, mara ya nane ndege ilipolala upande nilipigana nayo mpaka ikanyooka, kwa sababu sikutaka kutoka tena, mbu walikuwa wengi. Vistari vikifika 100, vyote kwa mtazamo wa aliyesimama uwanjani, vyote na upepo, gundisha pua ya ndege yako na urudi. Na mara ya kwanza baada ya hapo usiende na wapiga video. Nenda na mtu anayejua, kama yupo, mwenye rimoti ya kuunganisha na yako, ili ukizidiwa aichukue ndege kutoka mkononi mwako.

Mwalimu, hujambo? Mimi ni mama wa mtoto wa miaka 13, Mombasa. Baba yake yuko safarini, alimletea rimoti na programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Ndege yenyewe bado. Kila akitoka shule amekaa hapo, nikimwambia aache asema "najifunza". Mimi naona ni gemu tu. Nimwachie au nimkataze?

Sijambo mama. Na si wewe wa kwanza kuona ni gemu. Mwaka 1929, kule Binghamton katika jimbo la New York, Edwin Link alitengeneza kisanduku chenye mabawa mafupi cha kufundishia marubani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na ogani, na kijana akachukua mivukuto ileile inayosukuma hewa kwenye ogani, akaitumia kukiinamisha kisanduku huku na huku. Wateja wake wa mwanzo walikuwa viwanja vya starehe, watoto wanalipa wapande wacheke. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wakafa kwa kuruka ndani ya mawingu na hali mbaya wasiyoizoea. Jeshi likanunua visanduku sita. Vilikuwa ni vilevile.

Kwa hiyo kitu kimoja chaweza kuwa gemu au darasa, inategemea anayekalia. Mpime mwenyewe, huhitaji kujua lolote la ndege. Mwambie: "Nataka uirushe mara tatu na utue mara tatu mbele yangu, umesimama uwanjani, na upepo umewashwa, na ukivunja hakuna kurudia mpaka kesho." Akinuna na kusema hiyo haina raha, basi alikuwa anacheza. Akikaa sawa, akatoa ulimi nje kidogo kama wafanyavyo watoto wakishona kishada, huyo anajifunza.

Muda mpe dakika 20 kwa siku, si saa tatu za Jumamosi. Nimefundisha watoto miaka 31, fizikia, na nimeona kidole kinachofanya kidogo kila siku kinampita kinachofanya sana mara moja. Baba akirudi asinunue ndege ya kivita yenye mota mbili. Anunue ile yenye mabawa juu ya mwili, ya foamu, nyepesi, mbaya wa sura.

Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi mtu wa Unguja, naishi Maskati. Nimeunganisha rimoti na kompyuta, kila nikipeleka kijiti kulia ndege kwenye kioo inalalia kushoto. Nikaingia kwenye rimoti nikaigeuza chaneli hiyo, yaani njia ya amri ya kijiti hicho, sasa iko sawa. Pia niambie: Modi 1 au Modi 2? Huku kila mtu ana lake.

Wa aleikum salaam. Ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma mstari huu, kairudishe hiyo chaneli ilivyokuwa. Umeirekebisha kwenye rimoti ili kuifurahisha kompyuta, na rimoti hiyohiyo ndiyo utakayokwenda nayo kwenye ndege. Ninaye rafiki aliyefanya hivyo. Alifika uwanjani, ndege ikaondoka vizuri, ikainama kidogo kulia, akaipeleka kushoto kuinyoosha, ikazidi kulia. Akaipeleka kushoto zaidi. Unajua mwisho wake. Mabaki tulileta kwenye mfuko wa rambo.

Geuza upande wa simuleta, kwenye ukurasa ule wa kupanga vijiti. Nao utakutaka kwanza uvizungushe vijiti vyote mpaka pembeni ili programu ivijue mwanzo na mwisho wake. Ukiweza, ndani ya rimoti fungua nafasi mpya ya ndege uiite SIM, isiyo na uhusiano na ndege yako yoyote. Na siku ya kurusha, kila siku bila kukosa, simama nyuma ya mkia, peleka kijiti kulia: kibao cha nyuma ya bawa la kulia kiinuke, cha kushoto kishuke. Vuta kijiti kwako: kibao cha mkiani kiinuke. Ikiwa uko nyumbani, propela iwe imetolewa.

Modi: kwenye Modi 2 mwendo wa mota uko mkono wa kushoto pamoja na usukani wa mkia, na mkono wa kulia unalaza na kuinua ndege. Kwenye Modi 1 mota imehamia kulia, na kuinua pua kumehamia kushoto. Ulaya na Marekani wengi ni Modi 2, Wajapani tangu zamani ni Modi 1. Hakuna iliyo bora. Angalia anayerusha jirani na wewe, yule utakayemkimbilia akushikie rimoti ukizidiwa, uchukue yake. Mimi ni Modi 1 kwa sababu hiyo tu, mtu aliyenifundisha alikuwa Modi 1, na leo mjukuu wangu wa Modi 2 akinipa rimoti yake naishika kama kaa la moto.

Ukitumia televisheni badala ya kioo cha kompyuta, itafute ile hali ya gemu (Game Mode) kwenye mipangilio yake. Televisheni nyingi huichezea picha kidogo kabla ya kuionyesha, na kuchelewa huko kutakufundisha kuizidishia ndege amri.

Niko Kisumu. Kompyuta yangu ni kuukuu, memori giga 4. Iko simuleta ya bure?

Ziko. PicaSim ni ya bure, nyepesi, na iliwahi kutolewa pia kwa simu za Android. Ilianza na ndege zisizo na mota zinazopanda kwa upepo wa mlimani, na kwa upepo sijaona ya bure inayoishinda. CRRCSim nayo ni ya bure na haichagui kompyuta. Mimi nilianzia na FMS, ya Wajerumani, ya Windows za zamani, picha zake kama katuni za karatasi, lakini ndiyo iliyonitoa kwenye mnazi. RealFlight ni ya kulipia na inataka kompyuta yenye nguvu. Ni nzuri, ila usikope kwa ajili yake. Kwenye simu jifunze mipango tu, wapi ugeuke na wapi ushushe mwendo. Kidole kwenye kioo kinateleza, hakina springi.

Mwalimu, nikifikisha saa 50 za simuleta hapa Iringa, bado nitahitaji kibali cha kurusha? Na nikirushia karibu na uwanja wa ndege, ambako pako wazi?

Kompyuta haiombi kibali, ndege ndiyo inayoomba. Saa zako 50 ni za vidole vyako. Mambo ya anga ya Tanzania yako kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na wasomaji wa Kenya waende kwa mamlaka ya kwao, KCAA. Waandikie kabla hujanunua, taja uzito wa ndege, mahali na saa unazotaka. Uwanja wa ndege usiusogelee kabisa, pako wazi kwa sababu ya ndege zenye watu ndani. Karatasi yao ukiipata, tengeneza nakala. Yangu niliiweka kwenye kasha pamoja na chupa ya gundi iliyolegea kifuniko, na tangu siku hiyo haifunguki.